Seli Shina za Mama

Sikumwamini tangu alipovua viatu. Alivipanga mlangoni ncha zikitazama nje, na mimi nikasema moyoni, huyu anajua atatoka haraka.

Alikuja nyumbani kwetu Usagara pamoja na wanawake wa darsa ya mama, Alhamisi baada ya alasiri, amevaa buibui na tasbihi mkononi. Mgeni aliyeletwa na darsa hahojiwi, anapewa kahawa na kashata. Hilo ndilo lililozidi kunitia wasiwasi, maana mlango wa kuingilia aliuchagua vizuri.

Magoti ya mama yalikuwa yamekwisha. Ulikuwa mwaka wa tatu anaswali juu ya kiti cha plastiki, na hamu yake ilikuwa moja tu, kuweka tena paji la uso chini. Mgeni alimuuliza mengi juu ya swala yake, kwa sauti ya upole iliyonichefua. Kisha akatoa vipakiti vya unga. Akasema ni seli shina: ukiweka chini ya ulimi, zinakwenda zenyewe hadi gotini na kulijenga upya.

"Zimetoka kwa mnyama gani?" nikauliza.

"Si mnyama, dada. Zinatoka kwenye matunda, epo za Ulaya."

"Kwani epo ina goti?"

Wanawake wakainamia vikombe vyao. Mama akanikata jicho, akapokea vipakiti.

Kesho yake nikampigia simu daktari wake. Seli shina zipo kweli, akaniambia. Ni seli changa ambazo bado hazijashika kazi maalumu, na zile za kwenye uboho, ndani ya mifupa, ndizo zinazotuzalia damu maisha yote. Wenye baadhi ya maradhi ya damu hupandikiziwa za mtu anayelingana nao, mara nyingi ndugu. Kwa magoti, bado wanachunguza. Ama unga wa epo, tumbo litausaga tu, sawa na ugali.

Nikamwendea mama chumbani, nikakuta kipakiti kimoja kitupu kando ya kitanda, nikamweleza neno kwa neno, nikamalizia kwamba yule mwanamke ni tapeli. Nakiri nilikuwa na furaha mbaya ya mtu aliyeshinda.

"Najua," mama akasema. "Nilijua pale pale aliposema epo."

"Sasa mbona umeutumia?"

Akanyoosha mguu wake taratibu kitandani.

"Mwanangu, miaka mitatu nyote mwaniuliza kama goti lauma. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza kama naitamani sijida."