Samaki Waliotoka Chini ya Milima

Evelina, mwenye nyumba ya wageni hapa Lushoto, aliwadharau wote waliozaliwa chini ya milima. Hata kuku wa huko aliwaona wavivu. Kwa hiyo Idd, muuza samaki wa mapambo kutoka Tanga, hakuwa na bahati. Alikuwa amemfungia tangi kubwa la kioo pale mapokezi, na sasa alimshauri kwamba samaki wa Ziwa Nyasa wanataka chujio la nguvu na kifaa cha kupasha maji joto.

“Chujio ni la watu wanaokunywa matope,” alisema Evelina. “Mimi nitavuta maji ya chemchemi kutoka Magamba, yaingie huku yatokee kule.”

“Mama, yale ni baridi mno. Basi chagua samaki wengine.”

“Nimeshachagua. Hao wa bluu na wa njano. Watazoea.”

Wiki haikuisha. Samaki walilala chini ya tangi, rangi zimepauka, hawatikisi hata pezi. Evelina aliwatazama, akasonya.

“Samaki gani hawa, kibaridi kidogo tu wamelegea,” alisema, akafunga vifungo vya sweta lake la pili na kulivuta jiko la mkaa karibu na miguu.