Salamu Alizozifuta kwa Wino Mwekundu

Mwalimu mstaafu aliyetufundisha kutunga hadithi hapa Kasulu amefariki, na Jumanne tumemzika Kibondo. Naanza na kifo kwa sababu ndivyo alivyotufundisha: tukio mbele, maelezo baadaye. Mimi niliishia darasa la saba, huenda nakosea mengi, lakini hili silikosei: aliniibia hadithi, na nilingoja miaka nimlipe.

Kilikuwa kisa cha mama yangu, kule Muyama. Alitumwa kumwambia jirani kwamba mwanawe amegongwa na lori Manyovu, amekufa. Mama alifika, akasema mwakeye, salamu yetu ya asubuhi, akaketi, na kama ilivyo kwetu Waha, hakuruka salamu hata moja: shamba, ng'ombe, maharage, mwisho watoto. Jirani akajibu, "Wote hawajambo. Mbona hunitazami?" Nilipokiandika na kumpelekea, mwalimu alizikata salamu zote kwa wino mwekundu. "Dada, salamu si tukio. Futa." Nikafuta. Mwaka uliofuata nikamsikia redioni akikisimulia kama kisa alichokitunga mwenyewe, na salamu zote zimo, moja moja, polepole. Mwenye duka niliyekuwa kwake akaacha kupima sukari.

Nilimfuata mwalimu. Hakukana. Alisema ametuma redioni hadithi zake mwenyewe miaka mingi bila kujibiwa hata barua moja, kisha akaniambia, "Kisa ni cha anayejua kukisimulia, dada." Niseme haki: alikisimulia vizuri kuliko mimi. Tena ni yeye aliyetufundisha kwamba hata mbaya wa hadithi apewe sababu yake. Basi hiyo ndiyo yake, nimeiandika.

Msibani waliomba mwanafunzi wake mmoja aseme neno. Nikasimama. Nikamsalimu mjane, watoto, wakwe, majirani, nikauliza habari za mashamba na mifugo yao, hadi watu wakaanza kutazamana. Mzee mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu mama ana jambo." Ndipo nikasema, "Kile kisa cha redioni kilikuwa cha mama yangu." Nikakaa. Mjane aliinamisha kichwa, na mpaka leo sijui kama nilimwonea. Yeye hakuniibia kitu. Kwa marehemu sijutii. Wewe unayetunga, jifunze kwake kama nilivyojifunza mimi: habari nzito iache ingoje nyuma ya salamu, na mwizi mpe sababu yake yote, kisha taja alichoiba.