Khanga Juu ya Gitaa la Mjomba

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, mjomba alipotoka ndani amevaa viatu vya raizoni vya soli nene, vya rangi ya fedha, suruali ya bugaluu iliyopanuka chini na shati la kumetameta ambalo halikufungwa kifungo hata kimoja. Machoni kapaka wanja. Wageni wa harusi ya dada yangu, waliojaa uwanjani kwetu chini ya turubai, waligeuka wote kumtazama.

"Babu yako alinitongoza na viatu kama hivyo," bibi, mama yake mjomba, akaniambia. "Nilidhani vilishakufa."

Mjomba ndiye kitinda mimba wao. Anaishi Tanga mjini na anapiga roki ile ya zamani, ya gitaa la umeme linalolia mpaka meno yanauma, ila nyimbo anatunga mwenyewe, kwa Kiswahili. Anasema siku hizi muziki unatengenezwa kwenye simu, yeye anataka watu wamwone mpigaji akivuja jasho. Kwa baridi ya huku kwetu Lukozi, milimani, jasho lenyewe ulitafute.

Ubeti wa mwisho wa wimbo aliokuja kuupiga harusini, baada ya gitaa kupigwa peke yake, ulikuwa wangu. Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali nasimama na kuangalia viatu. Mjomba alinisikia naimba nikiosha karoti, akasema sauti hiyo isiishie kwenye karoti. Tangu likizo ianze nilikuwa nafanya mazoezi ndani ya blanketi, wadogo zangu wasinicheke. Nilitaka niimbe mara moja tu, watu wajue kuwa na mimi nina sauti.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Vijana wa bodaboda wakapiga honi.

"Mjomba, wanja umeazima kwa bibi harusi?" mmoja akauliza.

"Yeye ndiye kaazima kwangu," mjomba akajibu kwenye kipaza sauti.

Watu wakacheka, nikaona mambo yamekaa sawa. Akaingia kwenye gitaa la peke yake, kafumba macho, kifua wazi kwenye ukungu.

Hapo mama mkubwa akainuka, akamwendea kwa kucheza, akamfunga khanga kifuani. Kwetu mpigaji akikufurahisha unamtuza, na mama mkubwa aliona pia kwamba mdogo wake anapigwa na baridi. Ingeishia hapo, sawa. Lakini mashangazi zangu, upande wa baba, hawawezi kushindwa na upande wa mama mbele za watu. Wakaja na khanga zao, huyu begani, huyu shingoni, huyu kiunoni.

"Dada zangu, mkono jamani," mjomba akanong'ona. Angewasukumaje? Wote wamemzidi umri, na kila aliyefika, mjomba ilibidi amwamkie kwanza.

Khanga ya mwisho ikashukia kwenye nyuzi. Gitaa likakohoa, likanyamaza. Vigelegele. Mshereheshaji akadhani wimbo umekwisha.

"Makofi kwa mjomba wetu. Sasa tunaelekea kwenye chakula."

Mimi nimeshavuta pumzi kabisa, kipaza sauti mkononi. Shangazi mmoja akakichukua taratibu, akidhani nilitumwa kukishika tu. "Asante mwanangu. Kasaidie kugawa pilau."

Nikagawa. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia, maana kila mtu alikuwa amefanya jambo jema. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mjomba alikula na khanga zake zote mwilini, akaniambia, "Siku nyingine." Siku nyingine ipi? Dada mwingine sina.

Asubuhi yake nilimkuta nje ya jiko, wanja umemshukia mashavuni, anasubiri chai aende stendi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Naomba utoe gitaa."

"Jenereta la kukodi wameshalirudisha."

"Hivyo hivyo."

Akanitazama, akalitoa. Bila umeme lilisikika kama mbu. Mama mkubwa na mashangazi walikuwa wanasugua masufuria. Nikasimama mbele yao, viatu sikuviangalia, nikaanza ubeti wangu. Katikati shangazi mmoja akainuka, anafungua khanga kiunoni. Nikamwonyesha kiganja, asubiri, nikaimba mpaka mwisho.