Bonge la Mafuta Nyuma ya Maghorofa

Kazi ya mzibuaji huyu ilikuwa kuzibua mabomba ya maji taka, na kwa miaka kumi na tisa aliifanya na mwenzake mmoja tu, waliyeitana naye Mkwe. Watoto wao walikuwa bado wananyonya walipowaozesha kwa utani, na jina likawakaa.

Jumatatu hiyo shimo la maji taka nyuma ya maghorofa walimokuwa wakiishi wote wawili lilifurika. Walijua kilichomo: mafuta ya kukaangia. Watu huyamwaga kwenye sinki yakiwa moto. Yakifika chini yanapoa, yanaganda kuwa bonge jeupe kama sabuni, na kila uchafu unanasa humo.

"Zamu yangu," alisema Mkwe, akijifunga kamba kiunoni. "Mgongo wako umeshastaafu, umebaki wewe tu kazini."

Akashuka na sepetu. Alipolivunja lile bonge, hewa ya sumu iliyofungiwa nyuma yake ikamfumukia usoni. Mzibuaji alisikia kikohozi kimoja, basi. Alivuta kamba huku akipiga mayowe, na majirani walipokuja kumsaidia, Mkwe alikuwa ameshakata roho.

Walimzika kesho yake. Mzibuaji aliporudi nyumbani alimkuta mkewe jikoni, amemaliza kukaangia watoto samaki, ameinua kikaango juu ya sinki.

"Usimwage!"

Mkewe alishtuka. "Kwani vipi, baba watoto? Si huwa nafuatishia maji ya moto?"

Akanyoosha kidole dirishani, kuelekea nyuma ya maghorofa. Mkewe akamtazama, kisha akakiweka kikaango chini taratibu.

"Lile shimo," aliuliza kwa sauti ndogo, "na bomba letu linaishia pale?"

"Linaishia pale."

Mkewe aliketi sakafuni, akaficha uso mikononi. Mzibuaji akachuchumaa kando yake. Mwenye kujua alikuwa yeye, na miaka yote hiyo alikula samaki wake bila kuuliza mafuta yanakwenda wapi.

Mafuta ya kikaangoni yalipopoa, Mzibuaji aliyamimina kwenye kopo tupu la maziwa, akapangusa kikaango kwa gazeti, vyote akavitia kwenye pipa la taka. Tangu hapo hupita mlango kwa mlango akiwaelekeza watu wafanye vivyo hivyo. Wapo wanaomsikiliza. Wapo wanaomwambia akafanye kazi aliyoajiriwa.

Kwa mjane wa Mkwe, ambaye bomba lake nalo linaishia shimo lile lile, amekwenda mara tatu. Kila mara amekaribishwa chai, akaulizia watoto, akaaga bila kuyataja mafuta.