Nyumba Iliyokuwa Njiani

Majina ya watu wa laini yetu ya nyumba pale Silanga, Kibera, nayajua yote, hata ya watoto. Hapa siyaandiki, maana wenyewe wako hai na wana haya zao.

Moto ulianza mchana, kwenye jiko la mtu upande wa juu, na upepo ukauleta kwetu. Gari la zimamoto haliwezi kupita kwenye vichochoro vile. Kwa hivyo sisi hung'oa nyumba moja mbele ya moto, ukifika ukose cha kula. Shida ni kujua ya nani.

Siku hiyo ilikuwa ya jirani yangu, mama wa Kitui aliyekuwa akiuza mboga za sukuma mlangoni pake. Fundi wa mabati alifika na nyundo na mtaimbo, akasimama.

"Mama, ni yako iko njiani."

Jirani akaangalia moshi. Akageuka akaangalia nyumba yangu, iliyofuata yake, na zile zingine mpaka kule bwawani.

"Ngoja nitoe sufuria," akasema.

Akatoka na maharagwe yakichemka bado. Kitanda tulikibeba sisi wawili. Halafu akamwambia fundi, "Haya, ng'oa. Lakini mlango usiuharibu. Huo si wa landlodi, nilinunua mimi."

Moto ulipofika kwenye ule uwazi tuliumwagia maji na udongo mpaka ukafa. Vijana wakambeba fundi mabegani wakiimba, shujaa, shujaa. Sikatai, mikono yake ilikuwa imeungua.

Jirani alikuwa ameketi kitandani, huko nje, akipakua maharagwe. Nikakaa kando yake.

"Shujaa ni wewe," nikamwambia.

Akanipa sahani. "Na huyo shujaa atalala wapi leo, jirani?"

Hapo mawazo yangu hayakuwa yamefika. Nilikuwa nimempa jina zuri nikaona nimemaliza. Nikaweka sahani chini, nikashika kitanda upande mmoja, naye akashika ule mwingine, tukakiingiza kwangu.

Landlodi alipojenga tena, ile nyumba alimpa mtu mwingine. Jirani akahamia Kawangware na mlango wake juu ya mkokoteni. Siku hizi nikisikia redio ikimwita mtu shujaa, nauliza kwanza kama ana pa kulala.

Jumapili zingine mimi huenda kumwona. Jioni nikisema narudi Kibera, ananiambia, "Na giza hili? Lala hapa." Anafunga mlango wake ule ule. Ukingo wake mmoja bado ni mweusi kwa moshi.