Gurudumu la Maji na Bustani ya Mama Mkwe

Taa ya kwanza ya umeme kijijini kwetu, juu huko Uluguru upande wa Kinole, niliiwasha mimi, na sijawahi kuisimulia habari hiyo bila kuona haya.

Ilikuwa enzi ya Ujamaa, redio ikihimiza kujitegemea, nami fundi wa magari niliyetoka Morogoro mjini nikavimba kichwa. Kijito kilipita nyuma ya nyumba. Nikaunda gurudumu la mbao lenye makopo, nikalifunga mkanda hadi kwenye dainamo ya lori bovu. Kiangazi kilipoingia maji yakapungua, gurudumu likawa linajikokota. Basi nikaziba kijito kwa mawe na udongo, maji yote nikayachepushia kwangu. Yakishalizungusha gurudumu yalirudi kijitoni, kwa hiyo nikajiambia sijamwibia mtu. Sikutazama yanarudia wapi. Yalirudia chini ya mdomo wa mfereji wa mama mkwe, ule ulionywesha kabichi zake.

Ardhi yenyewe ilikuwa ya ukoo wao. Kwa Waluguru shamba hufuata mama, na mimi nilikuwa nimeoa nikahamia kwao. Tena kwa adabu ya siku zile, mkwe na mama mkwe hawakuzungumza ana kwa ana. Angenilalamikia vipi? Mke wangu alinigusia mara moja. Nikamjibu kwamba mambo ya umeme hayajui.

Mchana mmoja wakaja viongozi wa wilaya kujionea. Taa iliwaka jua likiwa la utosi, nasi tukaipigia makofi. Nilipokuwa nawasindikiza tukakutana na mama mkwe akipanda kutoka bondeni, debe la maji kichwani. Aliponiona akaacha njia, akageuzia uso magugu.

"Shikamoo, mama," kiongozi mmoja akasema. "Mbona unateka mbali hivyo, na mfereji huu hapa?"

Nikadakia kabla hata hajaitikia: "Ni kiangazi cha mwaka huu, mzee. Maji hayafiki huku."

Mama mkwe akaliweka sawa debe kichwani. Kisha akajibu, bado katupa mgongo: "Ndiyo, baba. Kiangazi kikali."

Kizuizi nilikibomoa jioni ileile. Kabichi zilikuwa zimeshaungua. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mimi sikuwahi hata kumtuma mke wangu akaniombee radhi. Nilisema mila hairuhusu.