Santuri Bila Jalada

Mwenye duka la santuri pale Leipzig hupangusa kila santuri kwa kitambaa laini, polepole, kama anayemfuta mtoto uso. Kila Alhamisi wateja wake wa zamani huketi kusikiliza simfonia ileile ikipigwa na okestra mbalimbali, kisha hubishana ipi bora. Mjane Gesine haachi kwenda, ingawa santuri aipendayo, ambamo marehemu mumewe alipiga baragumu, mwenye duka huidhihaki tangu zamani. "Mama, hiyo ni simfonia au mazishi ya ng'ombe?" husema, na kucheka kwa pua. Gesine alitaka siku moja tu isikilizwe kwa haki.

Alhamisi iliyopita walisikiliza bila kuonyeshwa majalada, na zamu ya kuweka santuri ilikuwa ya Gesine. Sehemu ya taratibu ya simfonia ilipoanza, mwenye duka aliacha kuchezea miwani. Ilipokwisha, akainua mkono kabla ya wenzake. "Hii ndiyo yenyewe. Hawa wanapumua, jamani! Nani hawa?"

Gesine alimpa jalada.

"Ala! Ng'ombe kafufuka!" mzee mmoja akapiga kelele, na duka zima likaangua kicheko. Mwenye duka hakucheka. Alilitazama jalada mbele na nyuma, masikio yakiwa mekundu.

"Mumeo alikaa upande gani wa okestra?" akauliza.

"Kushoto, nyuma kidogo."

Akairudisha sindano mwanzo, akavuta kiti chake hadi kwenye spika ya kushoto, akaketi.